Kibaya Chajitembeza

Duka la Chande lina vigae vyeupe,
na juu ya vigae kila begi ni malaika.
Analisukuma kwa kidole kimoja,
linateleza mpaka ukutani, linagusa, linarudi.
"Umeona, fundi Somoe? Magurudumu manne!
Linajizungusha kama mwali siku ya kutolewa nje."

Nimeona.
Lakini mimi sitembei juu ya vigae, Chande.
Natoka Magomeni saa kumi na mbili asubuhi
na kichwa cha cherehani, kilo kumi na mbili za chuma,
pasi, mkasi, rula ya mbao,
na sare za unyago za watu kumi na saba
ambao kila mmoja kanenepa tangu nimpime.
Naenda kwa miguu. Bajaji ikila elfu mbili kwenda,
elfu mbili kurudi,
nitakuwa naishonea bajaji.

Njia yangu naijua kwa nyayo.
Lami inakata tamaa kwenye nguzo iliyopinda.
Kisha changarawe. Kisha mchanga laini unaomeza kandambili.
Kisha mtaro usio na kifuniko, ubao mmoja juu yake,
na ubao wenyewe una msumari.
Kisha matofali ya Nambukuta, yamelala njiani
tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi;
ukuta atajenga akilipwa.
Na nikiitwa Mikindani, ndiyo usiseme:
mawe ya matumbawe yamechomoza chini
kama meno ya mtu anayecheka usingizini.

Begi langu la kwanza lilikuwa na manne hayohayo,
madogo kama vifungo vya koti.
Siku ya tatu moja likajaa mchanga, likagoma.
Wiki ya pili jingine likabaki mtaroni.
Nikaburuta yaliyosalia
mpaka siku niliyopita penye msiba,
watu mkekani, vichwa chini, kimya,
na mimi kra-kra-kra-kra.
Nikalitwika kichwani kwa aibu.
Mgongo ukaniambia neno ambalo sitaliandika.

"Kaazime mawe ya mizani kwa muuza mchele," namwambia Chande.
"Ya nini?"
"Tia humu. Kisha tutoke nje."

Soko likasimama kutazama:
mwanamke anatembeza mawe.
Lile jekundu la manne likaenda hatua sita
likaanguka kifudifudi, kama mlevi aliyeona kitanda.
La bluu, mpini ukajirudisha ndani, shingo ya kobe.
La tatu zipu ikacheka.
Mpojola, kijana wa dukani, akahesabu kwa sauti
kama yuko mnadani.

Ndipo nikaliona nyuma ya mlango,
limewekwa kuuzuia usibamizwe na upepo:
turubai, rangi ya chai iliyolala,
magurudumu mawili tu, ya mpira mnene,
mapana kama visosa,
na ekseli ya chuma iko wazi, haijaona haya.

"Hilo?" Chande akaliinamia kama anaomba radhi kwa niaba yake.
"Fundi, kizuri chajiuza. Kibaya chajitembeza."

Basi nipe hicho kinachojitembeza.

Lilishuka kwenye changarawe bila neno.
Mchangani nikaligeukia, nikalivuta kinyumenyume, likafuata.
Mtaroni, gurudumu lilikanyaga ng'ambo
kabla mguu wangu haujaamua.
Bei tulibishana mpaka adhuhuri:
elfu ishirini na tano,
na suruali zake mbili nizipunguze kiuno bure.

Asubuhi ya kwanza nilipita mtaa mzima
nikisikia kanga zangu tu.
Jioni Sijaona akanisubiri mlangoni, kanuna.
Miezi yote ile alikuwa akiamshwa na begi langu;
leo mtoto kachelewa shule,
kachapwa,
na uji umeungua.